Makinikia ya Anga: Setilaiti ya Uhuru, Kiini cha Galaksi na Funzo la Ukanda wa Madini wa Shinyanga na Geita

Ikisiri

Insha hii inachunguza nafasi ya Afrika Mashariki katika historia ya uchunguzi wa viini vya galaksi, yaani maeneo ya katikati ya galaksi ambamo nishati kubwa mno huzalishwa. Mfano mkuu ni setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, iliyorushwa kutoka pwani ya Kenya tarehe 12 Desemba 1970. Setilaiti hiyo iliongeza ushahidi wa eksirei juu ya ule uliokwisha kukusanywa kwa mawimbi ya redio tangu miaka ya 1930. Ili kubainisha uhusiano baina ya mahali data ilipoanzia na mahali maarifa yalipotengenezwa, insha inalinganisha historia hiyo na ya almasi ya Mwadui na dhahabu ya Kahama na Geita, hususan mgogoro wa makinikia wa mwaka 2017. Hoja inayotetewa ni kwamba katika visa vyote viwili tatizo la msingi halikuwa kuondoka kwa mali pekee, bali kukosekana kwa uwezo wa ndani wa kuipima.

1.0 Utangulizi

Jina la Kiswahili limo katika vitabu vya historia ya unajimu wa kisasa. Halikuwekwa na mwanaastronomia wa Afrika Mashariki, wala kitu kilichobeba jina hilo hakikutengenezwa Afrika Mashariki. Setilaiti ya Uhuru, ambayo jina lake rasmi lilikuwa SAS-1, ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya unajimu wa eksirei tu. Ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco katika Ghuba ya Ngwana, karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya miaka saba ya uhuru wa Kenya, Marjorie Townsend, meneja wa mradi huo katika shirika la anga la Marekani, NASA, aliipa jina la Uhuru.

Maandishi mengi yanayoitaja setilaiti hii huishia hapo: pwani ya Kenya hutajwa kama mahali pa kurushia, jina huelezwa kwa sentensi moja, kisha masimulizi huhamia Marekani, ambako data ilichambuliwa. Insha hii inarudi kwenye sentensi hiyo moja. Inauliza: Afrika Mashariki ilitoa nini hasa katika ugunduzi huo, ilipokea nini, na kwa nini? Kwa kuwa historia ya sayansi katika ukanda huu haijaandikwa kwa wingi, insha inaazima kipimo kutoka katika historia iliyojadiliwa sana na wasomi na wananchi wa kawaida pia, yaani historia ya madini ya Shinyanga na Geita.

2.0 Mkabala wa Uchambuzi

Mwanafalsafa wa Benin, Paulin Hountondji, alitoa hoja kwamba utegemezi wa kisayansi wa Afrika unafanana kwa muundo na utegemezi wake wa kiuchumi. Kwa mujibu wake, koloni lilikuwa mahali pa kukusanyia data kama lilivyokuwa mahali pa kukusanyia pamba na madini. Hatua ya katikati, ambayo ni kufasiri data na kujenga nadharia, ilifanyika katika nchi tawala. Matokeo yalirudi baadaye yakiwa bidhaa iliyokamilika, kwa njia ya vitabu na vifaa.

Katika ukanda wa dhahabu wa Tanzania, hoja hiyo ina neno lake ambalo halihitaji kufafanuliwa na mwanafalsafa. Neno hilo ni makinikia: mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha, ambao umekwisha kuchenjuliwa kwa kiasi fulani lakini haujayeyushwa ili kutenganisha metali zake. Makinikia si mwamba mtupu, wala si dhahabu safi. Thamani yake imo ndani, nayo hujulikana tu kwa mwenye maabara ya kuipima na tanuri la kuiyeyusha. Insha inatumia dhana hiyo kusoma data ghafi ya Uhuru, na sehemu ya 7.0 inaeleza mahali ulinganisho unapokoma.

3.0 Mawimbi ya Redio kutoka Kausi, 1931–1969

Historia ya kujua kwamba katikati ya galaksi kuna shughuli kubwa za nishati haikuanza kwa darubini za kioo, bali kwa tatizo la simu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Karl Jansky, mhandisi wa maabara za Bell huko Holmdel, New Jersey, alipewa kazi ya kutafuta vyanzo vya makelele yaliyokuwa yakisumbua simu za redio zinazovuka Bahari ya Atlantiki. Alijenga antena iliyozunguka juu ya magurudumu na kupokea mawimbi yenye urefu wa takriban meta 14.6. Makelele mengine yalitokana na radi za karibu, mengine na radi za mbali. Yalibaki ya aina ya tatu, mvumo hafifu usiokatika.

Mvumo huo ulifikia kilele mara moja kila baada ya saa 23 na dakika 56, si saa 24. Tofauti hiyo ya dakika nne ndiyo iliyotoa jibu. Jua hurudi mahali pake kwa saa 24, lakini nyota hurudi kwa saa 23 na dakika 56. Hivyo chanzo hakikuwa duniani wala kwenye jua. Kilikuwa miongoni mwa nyota. Mwaka 1933 Jansky alitangaza kwamba mawimbi hayo yanatoka upande wa kundinyota ambalo mabaharia Waswahili, kwa kufuata Kiarabu, waliliita Kausi, yaani upinde. Huko ndiko uliko kitovu cha galaksi yetu, Njia Nyeupe.

Nafasi ya kijiografia ya uchunguzi huo inastahili kuangaliwa. Ukitazama kutoka Holmdel, kitovu cha galaksi hakipandi juu zaidi ya takriban nyuzi 20 kutoka upeo wa macho. Ukitazama kutoka Shinyanga, iliyo takriban nyuzi 3.7 kusini mwa ikweta, kitovu hichohicho hupanda hadi takriban nyuzi 64. Kwa maneno mengine, mtu wa Shinyanga anayetoka nje usiku wa manane mwishoni mwa Juni huliona juu sana eneo ambalo Jansky alilipokea likiwa karibu na upeo wa macho. Ubora wa mahali ulikuwepo. Vifaa na watu wa kuutumia hawakuwepo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, unajimu wa redio ulipanuka haraka. Mwaka 1949 John Bolton na wenzake huko Australia walihusisha vyanzo viwili vikali vya redio na galaksi zinazojulikana: Centaurus A na galaksi ya NGC 5128, na Virgo A na galaksi ya M87. Mwaka 1954 Walter Baade na Rudolph Minkowski walionyesha kwamba Cygnus A, mojawapo ya vyanzo vikali kuliko vyote angani, ni galaksi ya mbali mno. Mwaka 1963 Maarten Schmidt alitambua kwamba 3C 273, iliyoonekana kama nyota ya kawaida, iko umbali wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni mbili. Vitu vya namna hiyo viliitwa kwasa. Kimoja chake hung'aa kuliko galaksi nzima yenye mabilioni ya nyota, ilhali nuru yake hutoka katika eneo dogo sana la katikati.

Swali likawa ni nini kinachoweza kutoa nishati nyingi kiasi hicho katika eneo dogo kiasi hicho. Mwaka 1964 Yakov Zeldovich na Edwin Salpeter, kila mmoja kwa upande wake, walipendekeza kwamba gesi inayoanguka kuelekea shimo jeusi hupata joto kali na kutoa mionzi kabla ya kumezwa. Mwaka 1969 Donald Lynden-Bell aliipanua hoja hiyo akisema kwamba hata galaksi zilizotulia zinaweza kuwa na mashimo meusi makubwa katikati yake, mabaki ya kwasa za zamani.

Pendekezo hilo lilidai ushahidi ambao redio peke yake haikuweza kuutoa kwa ukamilifu. Mawimbi mengi ya redio ya galaksi hizo hutolewa na elektroni zinazokwenda karibu na kasi ya nuru ndani ya uga wa sumaku. Katika galaksi kama Cygnus A, sehemu kubwa yake hutoka kwenye mawingu makubwa yaliyotupwa mbali na kiini. Gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, iliyo karibu na kiini chenyewe, hutoa eksirei. Lakini angahewa ya dunia huzuia eksirei, na roketi za uchunguzi za miaka ya 1960 zilikaa juu ya angahewa kwa dakika chache tu. Kilihitajika chombo cha kukaa angani kwa miezi na miaka.

4.0 Ngomeni, 12 Desemba 1970

Chombo hicho kilitengenezwa na kampuni ya American Science and Engineering ya Cambridge, Massachusetts, chini ya uongozi wa Riccardo Giacconi, mwanafizikia mzaliwa wa Italia ambaye mwaka 1962, kwa kutumia roketi, aliongoza ugunduzi wa chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wetu wa jua. Kilikuwa na uzito wa takriban kilogramu 140 na vipokezi viwili vya eksirei vilivyotazama pande zinazokabiliana. Kilijizungusha polepole na kupitisha macho yake juu ya anga yote, utepe baada ya utepe.

Sababu ya kukipeleka Kenya ilikuwa ya kifizikia. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa kwa kiasi kikubwa eneo la Atlantiki ya Kusini ambamo mkanda wa chembe za mionzi zinazoizunguka dunia hushuka chini. Chembe hizo hujaza vipokezi kwa ishara za uongo. Aidha, kwenye ikweta uso wa dunia huzunguka kwa kasi ya takriban meta 465 kwa sekunde, hivyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupata msukumo wa bure. Kwa roketi ndogo ya aina ya Scout, msukumo huo ulikuwa na maana kubwa. Bahari iliyo wazi upande wa mashariki iliondoa pia hatari ya mabaki kuangukia makazi ya watu.

Miundombinu ilikuwa ya Italia. Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma ndiye aliyeongoza mradi wa San Marco, uliosimamisha majukwaa kwa nguzo za chuma katika Ghuba ya Ngwana. Jukwaa mojawapo, Santa Rita, lilikuwa limetumika awali katika utafutaji wa mafuta. Setilaiti ya kwanza kurushwa hapo, San Marco 2, iliondoka tarehe 26 Aprili 1967. Kati ya mwaka huo na Machi 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni. Zaidi ya Uhuru, tatu kati yake zilihusu mionzi yenye nishati kubwa: SAS-2 ya mionzi ya gama mnamo Novemba 1972, Ariel 5 ya Uingereza mnamo Oktoba 1974, na SAS-3 mnamo Mei 1975. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, ghuba hii ya wavuvi ilikuwa mojawapo ya milango mikuu ya unajimu wa nishati kubwa duniani.

Hivyo mchango wa Afrika Mashariki ulikuwa bayana. Ulikuwa ni latitudo, bahari, na idhini ya dola changa iliyokuwa na miaka saba tu ya kujitawala. Mchango huo haukuwa mdogo. Lakini ulikuwa mchango wa ardhi.

5.0 Kilichoonekana

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha ya nne ya vyanzo vyake, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339. Kwa historia ya viini vya galaksi, matokeo matatu yana uzito wa pekee.

Kwanza, setilaiti ilithibitisha eksirei kutoka kwenye galaksi ambazo wanaastronomia wa redio walikuwa wameziorodhesha kwa miaka ishirini, zikiwemo Centaurus A na M87, pamoja na kwasa 3C 273. Iligundua pia eksirei kutoka NGC 4151, mojawapo ya galaksi zenye viini vinavyong'aa ambazo Carl Seyfert alizieleza mwaka 1943. Makundi mawili ya ushahidi, la redio na la eksirei, yalianza kuelekea mahali pamoja. Ariel 5 iliendeleza kazi hiyo, na kufikia mwaka 1978 ilikuwa imethibitika kwamba galaksi za Seyfert kama jamii ni vyanzo vya eksirei.

Pili, Uhuru ilichunguza eneo la kitovu cha Njia Nyeupe na kupokea eksirei kutoka huko. Mwaka huohuo wa 1971, Lynden-Bell na Martin Rees walipendekeza kwamba galaksi yetu pia ina shimo jeusi katikati, na kwamba dalili yake ingekuwa chanzo kidogo sana cha redio. Mnamo Februari 1974 Bruce Balick na Robert Brown walikiona chanzo hicho kwa kutumia darubini za redio za Green Bank, Marekani. Leo kinaitwa Sagittarius A*.

Tatu, na pengine lililo muhimu zaidi kwa mbinu, ni kisa cha Cygnus X-1. Chanzo hiki kimo ndani ya Njia Nyeupe, mbali na kitovu chake. Katika majira ya Machi na Aprili 1971 Uhuru ilirekodi badiliko la ghafla la eksirei zake, na wakati uleule chanzo kipya cha redio kilijitokeza mahali hapo, kikapokewa na wachunguzi wa Uholanzi na wa Marekani. Kwa kuwa darubini za redio huweza kuonyesha mahali kwa usahihi zaidi kuliko vipokezi vya eksirei vya wakati huo, iliwezekana kuihusisha Cygnus X-1 na nyota moja mahususi. Uchunguzi wa nyota hiyo ulionyesha kwamba inazungukana na mwenzi asiyeonekana, mwenye uzito mkubwa mno kuwa nyota ya kawaida iliyokufa. Cygnus X-1 ikawa mgombea wa kwanza mwenye nguvu wa jina la shimo jeusi. Tangu hapo, kusema kwamba kuna mashimo meusi makubwa katikati ya galaksi hakukuwa tena dhana ya wananadharia peke yao.

Giacconi alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Orodha ya waandishi wa makala kuu za Uhuru ni orodha ya watafiti wa Massachusetts.

6.0 Data Ghafi na Mchanga wa Bulyanhulu

Historia ya madini ya ukanda wa Shinyanga na Geita inatoa mifano miwili inayosaidia kuyasoma matukio hayo. Wa kwanza ni wa Mwadui. John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aligundua mgodi wa almasi wa Mwadui mwaka 1940. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya waridi yenye karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Ilichongwa London ikawa na karati 23.6, kisha ikawekwa kwenye bruchi. Almasi hiyo inajulikana duniani kwa jina la Williamson na kwa umbo iliyopewa London. Shinyanga hubaki katika masimulizi kama mahali ilipookotwa. Muundo wa sentensi ni uleule unaotumika kwa Ngomeni.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Dhahabu ya Geita ilitambuliwa na Wajerumani mwaka 1898, na mgodi mkubwa wa kikoloni ulichimbwa huko kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Uchimbaji wa kisasa wa mgodi wa Geita ulianza mwaka 2000, na wa Bulyanhulu, wilayani Kahama wakati huo, mwaka 2001. Kwa kuwa mwamba wa Bulyanhulu una shaba pamoja na dhahabu, sehemu ya uzalishaji wake, kama ule wa Buzwagi, ilisafirishwa nje ikiwa makinikia ili ikayeyushwe huko.

Mnamo Machi 2017 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji huo, na makontena 277 yakazuiwa katika bandari ya Dar es Salaam. Kamati ya kwanza ya Rais, iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma, ilitoa ripoti tarehe 24 Mei. Ya pili, iliyoongozwa na Profesa Nehemiah Osoro, ilitoa yake tarehe 12 Juni. Kamati zilidai kwamba kiasi cha dhahabu kilichomo kilizidi kwa mbali kilichotangazwa. Kampuni ya Acacia ilikanusha. Mgogoro uliisha kwa makubaliano na kampuni mama ya Barrick, yaliyotiwa saini Januari 2020 na kuunda kampuni ya Twiga Minerals, ambayo serikali ina hisa za asilimia 16.

Mara nyingi mgogoro huo huelezwa kama mgogoro wa kodi na umiliki. Ulikuwa hivyo, lakini katika kiini chake ulikuwa mgogoro wa vipimo. Pande mbili zilitazama mchanga uleule na kutoa idadi zisizokaribiana. Taifa lilikuwa limechimba kwa karibu miongo miwili bila kujenga chombo cha ndani ambacho kauli yake juu ya kilichomo kwenye kontena ingekubalika na wote. Anayepima ndiye anayesema kitu ni nini.

Data ya Uhuru ilikuwa na hali kama hiyo. Kilichotoka kwenye vipokezi kilikuwa ni hesabu za mipigo: eksirei ngapi zimeingia katika sehemu gani ya sekunde, chombo kikielekea upande gani. Hesabu hizo zilikuwa makinikia kamili. Hazikusema "shimo jeusi" wala "kiini cha galaksi". Zilihitaji kompyuta, nadharia, orodha za redio za kulinganishia, na watu waliofundishwa kuzisoma. Tanuri hilo lilikuwa Massachusetts. Hata kama nakala ya data yote ingekabidhiwa Nairobi au Dar es Salaam mwaka 1971, hapakuwa na idara ya unajimu ya kuipokea.

7.0 Mipaka ya Ulinganisho

Ulinganisho huu usipowekewa mipaka utapotosha. Kwanza, dhahabu iliyosafirishwa imekwisha kuondoka, lakini data haipungui kwa kusomwa. Matokeo ya Uhuru yalichapishwa katika majarida ambayo maktaba yoyote ingeweza kuyapata, na mwanafunzi wa leo wa Shinyanga anaweza kuyasoma bila kumnyang'anya mtu. Pili, mionzi iliyopokewa haikuwa mali ya Kenya kama dhahabu ya Kahama ilivyo mali ya Watanzania. Kilichokuwa cha Kenya ni mahali. Tatu, katika mradi huu hapakuwa na pande mbili tu za mnyonyaji na mnyonywaji. Italia yenyewe ilikuwa ikitafuta nafasi kati ya mataifa makubwa ya anga, na Ngomeni ilikuwa njia yake.

Tofauti hizo hazibatilishi hoja, zinaiboresha. Ikiwa data haikuzuiliwa na mtu, na bado haikuzaa elimu ya unajimu katika Afrika Mashariki kwa miaka mingi, basi kizuizi hakikuwa mlangoni. Kilikuwa ndani, katika ukosefu wa maabara, mitaala, ajira za watafiti, na hata istilahi. Kuna kinaya katika ukweli kwamba setilaiti yenye jina la Kiswahili ilichunguza vitu ambavyo Kiswahili kilihitaji kuviundia majina baadaye. Hali hii pia inaonyesha kwamba zuio, lililotumika mwaka 2017 bandarini, si suluhisho linaloweza kuhamishiwa kwenye maarifa. Maarifa hayazuiwi yasitoke. Hujengewa uwezo ili yaweze kuingia.

Upande wa madini umeanza kuonyesha njia. Kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Mwanza kilizinduliwa Juni 2021. Upande wa anga, Kenya ilianzisha Wakala wa Anga mwaka 2017, na Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, ilitolewa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Uhusiano ulioanza na majukwaa ya Ngomeni ulichukua takriban nusu karne kufikia hatua hiyo.

8.0 Bara Linalosikiliza

Leo swali la kitovu cha galaksi limerudi Afrika, na limerudi kwa njia ya redio. Tarehe 13 Julai 2018 Afrika Kusini ilizindua MeerKAT, darubini ya redio yenye antena 64 katika jimbo la Northern Cape. Katika uzinduzi huo ilionyeshwa picha ya redio ya kitovu cha Njia Nyeupe, iliyo wazi kuliko zote zilizotangulia. Mwaka 2019 wachunguzi walitangaza kwamba MeerKAT imeonyesha mapovu mawili makubwa ya redio, moja juu na jingine chini ya kitovu, yenye urefu wa jumla wa takriban miaka ya nuru 1,400. Walieleza kwamba ni alama za mlipuko wa nishati uliotokea miaka milioni kadhaa iliyopita. Mwaka 2022 ulichapishwa uchunguzi wa karibu nyuzi 1,000 za redio katika eneo hilo. Mwezi Mei mwaka huohuo, mtandao wa darubini za redio wa Event Horizon Telescope ulitoa picha ya kwanza ya kivuli cha Sagittarius A*, shimo jeusi lenye uzito wa takriban majua milioni nne. Hoja ya Lynden-Bell na Rees ilikuwa imesubiri miaka 51.

MeerKAT imekusudiwa kuunganishwa na mradi mkubwa wa darubini ya SKA, ambao ujenzi wake ulianza Desemba 2022. Nchi nane za Afrika ni washirika wa Afrika Kusini katika mradi huo: Botswana, Ghana, Kenya, Madagascar, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Tatu kati yake, Kenya, Msumbiji na Zambia, zinapakana na Tanzania. Tanzania haimo. Vijana wa nchi hizo nane wamepata mafunzo ya unajimu wa redio kupitia mpango wa DARA unaoendeshwa kwa ushirikiano na Uingereza. Mafunzo hayo ndiyo maabara iliyokosekana mwaka 1970. Si mafunzo ya nyota tu, kwani ujuzi wa kutenganisha ishara dhaifu na makelele hutumika pia katika mawasiliano, katika tiba, na katika kutafuta madini chini ya ardhi.

9.0 Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba Afrika Mashariki ilikuwa na sehemu halisi katika historia ya kuvijua viini vya galaksi. Bila latitudo ya Ngomeni, Uhuru ingefanya kazi katika mionzi ya usumbufu zaidi, na ushahidi wa eksirei uliokamilisha ule wa redio ungekuwa hafifu au ungechelewa. Hata hivyo, sehemu hiyo ilikuwa ya mahali, si ya tafsiri. Kama ilivyokuwa kwa almasi ya Mwadui na makinikia ya Bulyanhulu, jina la kitu na maana yake vilitolewa pale kilipopimwa.

Kwa watunga sera wa elimu, funzo la ukanda wa madini ni kwamba hisa na mikataba huja baada ya vipimo, si kabla yake. Kwa wanahistoria, liko jambo la kufanya sasa: kumbukumbu za majukwaa ya San Marco, pamoja na kumbukumbu simulizi za wakazi wa Ngomeni waliofanya kazi huko au kuzishuhudia roketi zikiondoka, zinahitaji kukusanywa wakati wenye nazo wangali hai. Historia ya Uhuru imekwisha kuandikwa kutoka Massachusetts na kutoka Roma. Inasubiri kuandikwa kutoka Ngomeni, katika lugha iliyoipa jina.